Vyaelea, Vimeundwa

Ni chache sanaa zinazodharauliwa na watu wasiozijaribu kama sanaa ya kuchora picha za miraba kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Mtu mzima akizitazama picha hizo husema kuwa ni upuuzi wa watoto. Kijana akizitazama husema kuwa ni kazi nyepesi, na kwamba akipata nafasi ya alasiri moja atachora zilizo bora kuliko hizo. Semi hizi mbili huonekana kama zapingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zadhani kwamba kitu kidogo hakihitaji elimu. Nia yangu katika insha hii ni kuzipinga zote mbili, kwa kuwa ya kwanza humnyima kijana ruhusa ya kujifunza, na ya pili humnyima subira ya kujifunza.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Kila picha ionekanayo katika kioo cha kompyuta au cha simu imejengwa kwa nukta za mraba ziitwazo pikseli. Katika picha nyingi nukta hizo ni ndogo na nyingi mno hata jicho haliwezi kuzitenga. Katika sanaa niisemayo, mchoraji huzipanga moja moja kwa mkono wake, na mtazamaji huziona zilivyopangwa. Sanaa hii ni mtoto wa umaskini. Kompyuta za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kumbukumbu finyu na rangi chache, na wachoraji wake hawakuchagua uchache. Walipewa uchache, wakaambiwa waufanye uzuri. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa Japani alitoa mchezo uitwao Space Invaders. Adui mmoja wa mchezo huo, mwenye umbo la kaa wa baharini, ana miraba 11 kwa upana na 8 kwa kimo. Jumla yake ni nafasi 88 tu, na nyingine kati ya hizo ni tupu. Hata hivyo kaa huyo angali anatambuliwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule.

Mfano wa pili watosha kuonyesha namna akili ilivyotumika mahali pa wingi. Mwaka 1981 Shigeru Miyamoto, naye wa Japani, alihitaji mtu wa kuruka vikwazo katika mchezo wa Donkey Kong. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuitwa Mario. Nafasi aliyopewa ilikuwa ndogo mno kuchora nywele vizuri, kwa hiyo alimvika kofia. Mdomo haukuweza kuonekana, kwa hiyo alimpa pua kubwa na masharubu chini yake. Mikono ilipotea mbele ya kiwiliwili akimbiapo, kwa hiyo alimvika ovaroli ya rangi moja juu ya shati la rangi nyingine ili mkono utengane na mwili. Mavazi ambayo ulimwengu wote huyadhani kuwa mapambo yalikuwa majibu ya maswali magumu. Wahenga walisema kweli: vyaelea, vimeundwa.

Sasa nawageukia wakubwa wetu. Nilipata kumwona mwanafunzi mmoja aliyejaza kurasa mbili za daftari lake la hesabu, lile lenye miraba, kwa picha ya jogoo. Kila mraba aliupaka rangi yake. Mwalimu wake alizichana kurasa zile mbele ya darasa, akasema kuwa daftari ni la hesabu. Nakubali kuwa kijana alikosa kwa kuchora wakati wa somo, na haki ya kuonywa ilikuwapo. Lakini neno alilolisema mwalimu halikuwa kweli, kwa sababu jogoo yule alikuwa hesabu. Kijana alikuwa amehesabu miraba ya mguu mmoja ili ilingane na ya mguu wa pili. Alikuwa amepima kichwa kwa kiwiliwili. Alikuwa amejua kwamba mstari upandao mraba mmoja kila baada ya miraba miwili una mwinamo mmoja, na upandao kila baada ya mitatu una mwinamo mwingine. Adhabu ilistahili kuangukia saa aliyoiiba; ikaangukia elimu aliyoipata.

Watasema wakubwa kwamba vijana wanapotea katika michezo ya simu, usiku na mchana, na kwamba mimi nawatilia mafuta motoni. Siwezi kukana kuwa wako wapoteao. Lakini kucheza na kutengeneza ni mambo mawili, kama kula na kupika yalivyo mawili. Mlaji humaliza kilichoandaliwa; mpishi huamka mapema. Ajifunzaye kuchora hutazama mchezo kwa jicho jingine: huuliza kwa nini wingu limewekwa pale, na kwa nini rangi ya adui si rangi ya ukuta. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, wingu la juu na kichaka cha chini ni umbo moja lililobadilishwa rangi ili kuokoa nafasi. Watoto wengi walipita mbele yake bila kuligundua. Anayeligundua amekwisha kuacha kuwa mlaji tu.

Tena ni ajabu kuona elimu hii ikiitwa ngeni katika nchi yetu. Msusi wa mkeka wa pwani hupanga ukili wenye rangi na usio na rangi kwa hesabu, na akikosea unyuzi mmoja ua lake huenda upande. Mama wa Kimaasai atungaye ushanga huweka chembe moja baada ya moja, nyekundu, nyeupe, buluu, akijua tangu mwanzo mahali ambapo rangi itageuka. Watu hawa hawakuwahi kusikia neno pikseli, lakini wangeielewa kazi ya mchoraji wa miraba kwa kuitazama mara moja. Anayeidharau sanaa hii kwa kuwa ni ya vidoto vidogo, na ajaribu kwanza kumweleza mtunga ushanga kwamba kazi yake ni mchezo wa mtoto.

Nawageukia sasa vijana, na kwenu sitakuwa mpole zaidi. Wengi wenu huanza safari kwa kileleni. Mwataka mchezo mkubwa wenye miji, vita na bahari, na siku ya tatu mwaacha, mkisema kuwa hamna kompyuta nzuri wala kipaji. Kompyuta si kisingizio cha siku ya kwanza. Susan Kare, aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alizianza katika daftari la karatasi yenye miraba, 32 kwa 32, kila mmoja mweusi au mweupe. Daftari la namna hiyo huuzwa katika duka la karibu na shule yenu. Nunueni la pili, lisilo la somo, ili pasiwepo wa kulichana.

Chora humo mraba mkubwa wa 16 kwa 16. Una nafasi 256. Jipe rangi nne, wala usiongeze ya tano. Chagua kitu kimoja ukijuacho vema: sufuria, mbuzi, dau. Kwanza lijaze umbo lote kwa rangi nyeusi, uliweke mbali, ukamwulize mwenzako ni nini. Asipolitambua, usihangaike na rangi, maana kosa limo katika umbo. Akilitambua, tazama mistari iliyopinda. Mstari mwema hupunguza hatua zake kwa utaratibu, miraba minne, kisha mitatu, kisha miwili, kisha mmoja. Ukienda minne, mmoja, mitatu, jicho hujikwaa kama mguu katika ngazi mbovu. Kisha amua jua liko upande gani, na upande huo uwe na rangi ya mwanga, wa pili uwe na kivuli. Wanafunzi wengi hutia kivuli pembeni pande zote na mwanga katikati, hata kila kitu hufanana na mto wa kulalia. Hilo ni kosa la mtu aliyechora kabla ya kutazama. Ukiisha kuweza hayo, ndipo utafute programu. Ziko zisizolipiwa, na nyingine hufanya kazi katika kompyuta za kale.

Liko kosa la pili, nalo ni baya kuliko la haraka. Vijana wengine huchukua picha za mchezo wa mtu mwingine, wakazitia katika mchezo wao, wakaandika jina lao. Kunakili nyumbani kwa kujifunza si dhambi, maana kila fundi alinakili. Kutangaza kuwa ni yako ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yalinda kazi za sanaa kama ilindavyo vitabu. Wengine siku hizi huiamuru mashine iwachorelee, nayo hutoa picha kwa nukta chache za saa. Mara nyingi miraba yake haina kipimo kimoja, na rangi zake hazina hesabu. Lakini hata kama ingetoa picha isiyo na dosari, nauliza: siku ya kurekebisha mguu mmoja wa mbuzi yule, nani ajuaye uliwekwa kwa sababu gani? Aliyeagiza hajui, na mashine haitajibu kwa niaba yake. Nguo ya kuazima haisitiri. Eric Barone wa Marekani alitengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake, picha, muziki na programu, kwa zaidi ya miaka 4 hata ukatoka mwaka 2016, naye alizichora upya picha zake mara nyingi. Uzuri wake watokana na zile alizozitupa.

Naomba mnisikilize katika jambo la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watoto wetu hucheza katika misitu yenye theluji, katika majumba ya mawe ya wafalme wa Ulaya, wakibeba panga za mashujaa wa Japani. Sina ugomvi na vitu hivyo. Ni haki ya kila watu kuchora kwao. Ugomvi wangu ni kwamba mbuyu, matatu, kibanda cha makuti na mama auzaye mahamri asubuhi huonekana humo kwa nadra sana, na havitachorwa na mtu wa mbali ambaye hajaviona. Mtoto asiyeviona kamwe vya kwao katika michezo aipendayo hujifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba vya kwao havistahili kuonwa. Fundisho hilo ni la uongo, na dawa yake si hotuba. Dawa yake ni kijana mmoja, daftari moja, na miraba 256 iliyojazwa vema.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini sharti kwanza apatikane wa kukichora kiwanja cha kuchezea, nyumba kwa nyumba, mti kwa mti, mraba kwa mraba. Na mtu huyo hapatikani pale ambapo wakubwa wanachana kurasa na wadogo wanatafuta njia ya mkato.