Anakoroma baada ya dawa ya maumivu? Usimwache alale

Alfajiri moja nikiwa zamu, familia ilimleta baba yao akiwa hajitambui. Jioni alikuwa amemeza tramadoli kwa ajili ya mgongo, na maumivu yalipokataa kutulia akaongeza vidonge vingine. Usiku alikoroma kwa sauti ya ajabu. “Tukasema dokta, leo angalau amepata usingizi,” mkewe aliniambia. Kumbe alikuwa anaishiwa pumzi. Aliokolewa na binti yake, aliyeona midomo imebadilika rangi.

Tramadoli, kodeini na mofini ni dawa za jamii moja. Zikizidi mwilini hulegeza sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Hatari huongezeka zikichanganywa na pombe au dawa za usingizi.

Kumbuka dalili tatu: mgonjwa haamki ukimwita, anapumua polepole mno au kwa kukoroma, na mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Tazama pia kama midomo, fizi na kucha vimekuwa vya kijivu au bluu. Usisubiri dalili zote zitimie.

Mwite kwa sauti, kisha sugua kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua. Asipoamka, mtume mtu akatafute usafiri mara moja. Kama hapumui au anapumua kwa shida, mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, umpulizie pumzi mdomoni: moja kila sekunde 5 kwa mtu mzima, na kila sekunde 2 hadi 3 kwa mtoto. Kama anapumua vizuri, mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala maji, na usimtapishe. Vinaweza kuingia kwenye mapafu. Beba pakiti au chupa ya dawa hospitalini.

Huko atapewa naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake huweza kuisha kabla ya ile iliyomzidi, hivyo usimrudishe nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho.

Wazazi, mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe kodeini wala tramadoli. Kidonge cha bibi kilichoachwa mezani kinatosha kumdhuru mtoto mdogo. Fungieni dawa kabatini.

Simwambii mgonjwa wa saratani aiogope mofini. Akiitumia kama alivyoelekezwa, ni haki yake kutoteseka. Apime kwa kipimo alichopewa, si kijiko cha jikoni, na maumivu yakizidi aulize kabla ya kuongeza.

Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linapendekeza naloksoni iwafikie hata watu wasio wataalamu wanaoweza kumkuta mtu katika hali hii. Nami naona kila kituo kinachotoa mofini kiwe nayo, na familia ifundishwe dalili hizi siku ileile inapokabidhiwa chupa. Pumzi haisubiri mpaka kukuche.