Kipanya cha Milele, Malipo ya Milele



Mwezi wa Julai 2024, Hanneke Faber, mkurugenzi mkuu wa kampuni ya Logitech, alieleza katika mahojiano wazo la «kipanya cha milele»: kipanya cha kompyuta kilicho imara, ambacho mwenyewe hatakitupa, kama asivyotupa saa nzuri ya mkononi, na ambacho kingeboreshwa kwa programu mpya. Alipoulizwa kama watu wangekilipia abonema, hakukataa. Wengi walikasirika, na kampuni ikajibu kwamba lilikuwa wazo tu. Ilisema hakuna kipanya cha namna hiyo kilichokuwa kikiandaliwa.

Sisi tunaona kwamba nusu ya wazo hilo ni njema. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, hasa pande za Kolwezi, nayo inaingia katika betri nyingi za vyombo vya umeme. Chombo kinachotupwa upesi kinadai kingine, na kingine kinadai shimo jipya. Anayetengeneza kitu cha kudumu anaheshimu udongo huo na jasho la wanaouchimba.

Nusu ya pili ndiyo inayotutia shaka. Abonema tunaijua kwa televisheni: usipolipa, picha inakatika. Sasa desturi hiyo inaingia katika vyombo vyenyewe. Katika mpango wa HP unaoitwa Instant Ink, mtu analipa kila mwezi kwa hesabu ya kurasa, naye anapelekewa wino nyumbani. Anayechapa mengi anaweza kupata nafuu, na masharti yameandikwa wazi. Lakini akijitoa, muda aliolipia ukiisha, vibweta vile vya wino vinazuiwa, hata vikiwa bado na wino ndani. Mashine ni nzima, wino haujakauka. Kilichokwisha ni mkataba.

Je, huko ni kudumu? Kitu cha kudumu kinabaki kikitumika hata siku ambayo mfuko ni mtupu. Kijana anayechapia watu barua na vyeti hana mshahara wa kila mwezi. Malipo madogo yasiyo na mwisho yanamwelemea kuliko bei moja kubwa. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo.

Tena, tuulize kipanya hufa kwa nini. Mara nyingi ni swichi ndogo chini ya kitufe cha kushoto iliyochakaa, hata mbofyo mmoja unahesabiwa miwili; au ni waya uliokatika shingoni. Magonjwa hayo hayaponywi na programu. Yanaponywa na fundi mwenye bisibisi, chuma cha kulehemu na kipuri, mradi mtengenezaji hakukifunga chombo kwa gundi. Hata sheria zimeanza kuliona jambo hili: huko Ufaransa, tangu mwaka 2015, kufupisha kwa makusudi maisha ya chombo ili watu wanunue kingine ni kosa la jinai.

Basi, kabla ya kununua, tuulize mambo matatu. Je, kinafunguka? Je, vipuri vyake vinapatikana? Je, kitafanya kazi siku tusipolipa tena? Na wale kati yetu wenye mikono myepesi wajifunze ufundi huo. Udumu wa kweli tutaupata kwa fundi wa mtaani kabla ya kuupata katika mkataba.