Acheni Kumhubiria Mama wa Mkaa

Mijadala ya mazingira Tanzania hufungwa kwa kauli ileile: wananchi wapewe elimu. Misitu ikikatwa, elimu. Mitaro ikiziba, elimu. Naipinga kauli hiyo kwa nguvu zote, kwa sababu inamtwisha lawama mnunuzi wa mwisho na kumwacha huru mwenye mamlaka juu ya bei na sheria.

Tazama mifuko ya plastiki, yaani rambo. Miaka nenda rudi tulielezwa madhara yake, na bado ikaziba mitaro ya Dar es Salaam. Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ikaanza, pamoja na adhabu kwa anayetengeneza, anayeuza na hata anayebeba. Haukupita muda vikapu vikarudi sokoni. Hakuna aliyeelimika usiku mmoja; kilichobadilika ni gharama ya kukaidi. Na sheria ilipoacha mwanya, kwenye vile vifungashio vyepesi vinavyoonesha ndani, wafanyabiashara wakaupenya, wakavigeuza vibebeo. Nao walikuwa wamesikia mahubiri yaleyale.

Mkaa nao ni vivyo hivyo: mama wa Mbagala, Dar es Salaam, anajua moshi wake unavyomkereketa kifua. Hahitaji semina. Mkaa ananunua kwa kopo, leo moja, kesho jingine, kadiri biashara ya siku ilivyokwenda. Gesi inadai fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Tena bei ya kopo lile haihesabu mti uliochukua miaka mingi kukua, wala udongo ulioachwa wazi kusombwa na mvua. Hasara hiyo anabaki nayo mwanakijiji wa huko magogo yalikokatwa, na hakuna anayemlipa.

Kukataza peke yake pia hakutoshi. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, ikalegeza muda mfupi baadaye. Aliyenyang'anywa rambo alishika kikapu. Aliyenyang'anywa mkaa angepikia nini?

Sasa lengo la taifa ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ruzuku ya mitungi ya kilo 6 ni hatua njema, lakini gesi huisha, na wakati wa kujaza tena mama yuko peke yake. Fedha za makongamano na fulana za kampeni zihamishiwe kwenye kujaza huko, na kwenye mita za gesi ya kulipia kidogo kidogo kama Luku ya umeme, ili anunue ya elfu moja leo na apike. Ushuru wa mkaa nao urudi kwenye vijiji vinavyolinda misitu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye sheria.