Polipu za Utumbo za Kurithi: Vidonge Havijaondoa Haja ya Upasuaji

Ugonjwa wa kurithi wa polipu za utumbo hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo APC. Mzazi mwenye hitilafu hiyo akizaa, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Kuanzia ujanani, vinyama viitwavyo polipu huota ndani ya utumbo mpana, mamia hata maelfu. Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hupata saratani, mara nyingi kabla ya miaka 50. Ndiyo maana utumbo huo hukatwa mapema.

Kwa kijana asiyehisi maumivu yoyote, kukatwa utumbo ni jambo zito. Je, vidonge vya kutuliza uvimbe vinaweza kumwepusha na kisu?

Matumaini yalianza Marekani mwaka 1983, daktari William Waddell alipoeleza jinsi polipu zilivyopungua kwa wagonjwa waliotumia sulindaki, mojawapo ya vidonge hivyo. Dawa za jamii hii huzuia vimeng'enya vya COX, vinavyotengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea vinyama kukua. Mwaka 1993 wagonjwa 22 walishiriki jaribio: baadhi walipewa sulindaki, wengine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 9, waliopewa sulindaki walibakiwa na asilimia 44 tu ya polipu za awali. Hata hivyo, hazikwisha kwa yeyote, na miezi 3 baada ya kuacha dawa zilikuwa zimeongezeka tena. Mwaka 2002, jaribio la miaka 4 kwa vijana 41 wenye hitilafu ya APC, ambao walikuwa bado hawajaota polipu, lilionyesha kuwa sulindaki haizuii zisiote.

Selekoksibu, dawa nyingine ya jamii hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa ugonjwa huu, kwa sharti kwamba manufaa yake yathibitishwe baadaye. Ilipunguza polipu kwa asilimia 28 katika miezi 6. Mwaka 2004 ikabainika kuwa huongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na mwaka 2011 matumizi hayo yakaondolewa kwenye idhini yake.

Polipu kupungua si sawa na saratani kuzuiwa: wapo waliopata saratani ya puru ingawa polipu zao zilikuwa zimepungua. Kwa hiyo dawa hizi zinafaa kuwa msaada tu, hasa kwa aliyekatwa utumbo akabakiziwa puru, huku daktari akiendelea kuichunguza kwa kamera mara kwa mara. Anayeahirisha upasuaji kwa kutegemea vidonge anaweka maisha yake rehani.