Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: Lambo Lililojengwa kwa Udongo wa Magadi

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya (jina la wilaya limehifadhiwa),

YAH: UDONGO ULIOTUMIKA KUJENGA LAMBO LA MIFUGO

Taarifa ya kitaalamu iliyoambatanishwa na andiko la mradi wa lambo ina sentensi moja tu kuhusu udongo, nayo yasema kwamba eneo lote ni mfinyanzi mweusi unaofaa kuhifadhi maji. Sentensi hiyo ilisomwa, ikapigwa muhuri, ikalipiwa. Tuta likajengwa kwa udongo uliochimbwa palepale. Masika yakalijaza lambo kwa mara ya kwanza, na kabla masika hayajaisha maji yote yakawa yametoka kwa kupita ndani ya tuta, wala si juu yake. Maji hayakukaa. Kwa kuwa Ofisi ya Mkurugenzi inayajua mengine yote, yakiwamo majina ya waliotia sahihi, barua hii itajihusisha zaidi na udongo, kwa sababu udongo ndio uliotupiwa lawama katika kikao cha kijiji, ilhali haukuwahi kuulizwa kitu kabla ya kuchimbwa.

Tabia ya kwanza ya udongo wa nyanda kame ni kwamba hauoshwi. Katika nchi yenye mvua nyingi maji hupenya hadi chini ya mizizi na kuondoka na chumvi, lakini mahali ambapo jua lina uwezo wa kuvukiza maji mengi kuliko mvua inayonyesha, unyevu huishia njiani, ukapanda tena kwa joto na kuacha nyuma chokaa, magadi na chumvi nyinginezo katika kina ambacho jembe linaweza kukifikia. Mboji huwa kidogo, kwa kuwa majani ni machache na mchwa huyamaliza mapema. Katika nyanda za kaskazini mwa Tanzania hali hiyo huongezewa uzito na jirani asiye wa kawaida, yaani Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani iliyo hai na inayojulikana kutoa lava ya natrokabonatiti, ambayo ni lava yenye sodiamu na kabonati kwa wingi, hivi kwamba kwa lugha ya sokoni mlima huo hutapika magadi. Majivu ya milipuko yake mikubwa, kama ile ya 1966 na ya 2007, huchukuliwa na upepo, huoshwa na mvua na kuteremkia mabondeni, wala hayatambui mipaka ya wilaya. Mtu anayepanga kujenga kwa udongo katika nchi ya namna hii bila kupima sodiamu amekwisha kuamua asichotaka kukijua.

Uainishaji wa udongo, yaani elimu ya kuupanga udongo katika makundi kwa kufuata tabaka zake na tabia zinazopimika, ulibuniwa ili macho yasidanganyike. Mfumo wa kimataifa uliopitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Udongo mwaka 1998, ambao toleo lake la nne lilitoka 2022, una makundi makuu 32, na angalau matatu kati ya hayo yanaweza kuonekana kuwa mfinyanzi wenye rangi nzito mbele ya mtu aliyekuja asubuhi na kurudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Kundi la kwanza ni vetisoli, udongo wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa pana ukikauka. La pili ni solonchaki, wenye chumvi nyingi inayoyeyuka, ambayo mara nyingi huonekana juu ya ardhi kama unga mweupe wakati wa kiangazi. La tatu ni soloneti, ambao wafugaji na wakulima huujua kwa jina la udongo wa magadi: juu una tabaka jembamba na jepesi, na chini yake mfinyanzi mgumu uliosimama kwa nguzo, ambamo sodiamu huchukua kwa kawaida asilimia 15 au zaidi ya nafasi za ioni zinazobadilishika, yaani zile zilizoshikwa kwenye uso wa chembe za mfinyanzi na zinazoweza kupisha nyingine, na ambao kipimo chake cha pH aghalabu hupita 8.5. Mfumo wa Marekani huuweka udongo wa namna hii, pale tabianchi inapokuwa kame, ndani ya oda ya aridisoli, ambayo ni oda ya udongo wa nchi kavu. Mifumo hiyo hutofautiana kwa majina na mipaka, lakini yote miwili humtaka mtu ashuke shimoni, akate ukuta wa udongo na kupeleka sampuli maabara. Taarifa ya Halmashauri haikushuka shimoni.

Laiti ingeshuka, ingejulikana kwa nini maji hayakukaa. Chembe za mfinyanzi, ambazo ni ndogo kuliko milimita 0.002, huwa na chaji hasi, hivyo hushikana au kutengana kulingana na ioni zilizo kati yake. Kalsiamu, yenye chaji mbili, huzivuta zikaribiane. Sodiamu, yenye chaji moja na inayojizungushia maji mengi, huzitenganisha, na maji ya mvua yasiyo na chumvi yanapofika, chembe hizo huachana kabisa na kuelea. Tuta lililokauka huwa na nyufa ndogo. Maji ya lambo huingia humo, kuta za ufa huyeyuka bila hata mkondo wenye nguvu, maji hutokea upande wa pili yakiwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa, na tundu lililoanza kama unywele huwa pango. Ndiyo maana matuta mengi ya udongo wa magadi hubomoka yanapojazwa kwa mara ya kwanza. Mkandarasi alishindilia kwa kufuata kanuni na kwa maji ya kisima, na kwa kuwa maji ya kisima ya huko yana chumvi, ambayo huzishikiza chembe kwa muda, kazi yake ilionekana imara hadi mvua ya Mungu ilipoijaribu.

Hapa yafaa kumtendea haki mtaalamu aliyechagua eneo hilo, maana kosa lake lina mantiki. Aliona vidimbwi vya asili vilivyobaki na maji wiki kadhaa baada ya mvua, akahitimisha kwamba ardhi inashika maji. Kweli ilikuwa inashika: sodiamu ileile iliyovunja tuta ndiyo huziba matundu ya uso wa ardhi tambarare, chembe zilizoachana zikitua na kufunga kila mwanya, hata maji yakakosa pa kupenya. Lakini ardhi iliyolala haina upande wa nje wa kutobolewa, ilhali tuta linao, na maji husukuma kuuelekea usiku na mchana. Dalili moja ilisomwa nusu. Dalili nyingine, ambayo wazee waliitaja hadharani, kwamba ng'ombe wamezoea kulamba udongo wa mahali hapo tangu zamani, ilipokewa kwa tabasamu na haikuandikwa popote. Yamkini ulimi wa ng'ombe hauna cheti cha maabara.

Inasikitisha zaidi kwamba elimu iliyohitajika haikutoka mbali. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alieleza mwaka 1935 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, mwekundu ukiwa juu, wa mchanga ukifuata, mweusi wa mbuga ukiwa chini, akauita mpangilio huo katena, yaani mnyororo, na dhana hiyo sasa hufundishwa vyuoni kote duniani. Mwaka 1936 alitoa ramani ya muda ya udongo wa Afrika Mashariki. Karibu miaka 90 baadaye, katika nchi ileile iliyoipa dunia dhana hiyo, taarifa iliyolipiwa kwa fedha za umma imeutaja mteremko mzima kwa jina moja la udongo. Kama iliegemea ramani ya dunia ya FAO na UNESCO, ambayo kipimo chake ni 1:5,000,000, basi yafaa ikumbukwe kwamba sentimita moja ya ramani hiyo ni kilomita 50 za ardhi, na lambo zima halijai hata ncha ya kalamu.

Kipimo ambacho kingeokoa yote hayo hakihitaji zabuni. W. W. Emerson, wa Australia, alikichapisha mwaka 1967: bonge dogo la udongo huwekwa katika glasi ya maji safi ya mvua au yaliyotoneshwa, likaachwa bila kutikiswa, na wingu likitanda kulizunguka, udongo huo hautawanywi na mkondo bali hujitawanya wenyewe. Gharama yake ni glasi.

Mwandishi wa barua hii ni mfugaji wa kijiji hicho, na amelipa gharama iliyobaki. Familia yake, pamoja na nyingine nyingi, ilikubali kubaki na mifugo karibu na lambo kiangazi kizima, badala ya kuhama mapema kama ilivyofanya tangu ukame wa 2009, kwa sababu Halmashauri ilitamka kwa maandishi kwamba maji yatakuwapo. Maji hayakukaa. Kuhama kulipoanza, malisho ya njiani yalikuwa yamekwisha, ng'ombe walikuwa wamedhoofu, na zaidi ya nusu ya kundi lake lilifia barabarani likitafuta maji ambayo kwa mujibu wa hati za serikali yalikuwa nyumbani. Waliosalia waliuzwa mnadani kwa bei ya ngozi. Makubwa mengine yapo: alalili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, ililimwa kupata udongo wa tuta, korongo linapanuka, mtoto mmoja wa mwandishi amekatizwa masomo. Lakini hayo yote yana mzizi mmoja, nao ni kwamba maji yaliyoahidiwa hayakukaa, na hayakukaa kwa sababu iliyokuwa inapimika.

Ni vigumu kuliona jambo hili kama ajali ya ofisi moja. Udongo wa nchi hii hupimwa kwa bidii panapotarajiwa pamba, miwa au mpunga. Panapoota nyasi tu huandikwa pori. Sheria ya Ardhi ya 1999 yenyewe, katika tafsiri yake ya ardhi ya jumla, inaingiza ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, na malisho yanayopumzishwa kwa makusudi huonekana, kwa jicho la mgeni, kama yasiyotumika. Anayeiona ardhi kuwa tupu hawezi kuona haja ya kuuliza imeundwa na nini. Baada ya hapo wafugaji huitwa semina na kuelezwa kwamba wao ndio wanaoharibu ardhi.

Kwa heshima zote, Ofisi ya Mkurugenzi inaombwa kuweka hadharani taarifa kamili ya udongo iliyotumika, pamoja na jina la maabara iliyopima, kama ipo. Kulijenga upya tuta kwa udongo uliotibiwa kwa jasi, madini yenye kalsiamu yanayochimbwa Makanya, wilayani Same, au kwa udongo mwekundu wa juu ya mteremko baada ya kupimwa. Na kuwafidia waliobaki kijijini kwa kuliamini neno la Halmashauri. Aidha, mbao za tangazo zinaonyesha kwamba lambo la pili limekwisha kupata mkandarasi, katika bonde lilelile, kilomita chache kuelekea chini, ambako sodiamu ina kila sababu ya kuwa nyingi zaidi. Mkataba huo usimamishwe, mashimo ya wasifu wa udongo yachimbwe katika kila sehemu ya mteremko, sampuli zipelekwe kituo cha utafiti cha Mlingano, mkoani Tanga, na majibu yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kabla trekta halijawashwa.

Mfugaji na mwanakijiji