Newfoundland hanunuliwi kwa pupa
Anayemtamani mbwa aina ya Newfoundland aanze kujiandaa miaka kabla. Dume hufikia kilo 68, na manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya juu marefu, yana mafuta yanayozuia maji, ya chini laini na mazito. Misimu inapobadilika, hayo ya chini hunyonyoka kwa mafungu na kutapakaa kwenye zulia, sofa, hata sahani.

Brashi kila wiki, bila kukosa.

Kubwa zaidi ni kumchagua mfugaji mwaminifu. Nyonga za wazazi hupigwa eksirei, na Marekani cheti kamili cha nyonga hakitolewi kabla mbwa hajatimiza miaka 2. Moyo nao upimwe! Akiba ya matibabu ianze mapema, maana dawa nyingi hutolewa kwa kadiri ya uzito.