Kompyuta ya mtoto wa shule: mzazi asinunue jina

Mzazi wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anayetafuta kompyuta kwa ajili ya masomo ya mtoto wake huulizwa swali moja dukani: anataka Windows gani? Swali hilo halitoshi. Linasahau umeme unaokatika na mega zinazoisha kabla ya mwisho wa juma.

Familia nyingi hununua mashine za okazio. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai angalau giga 4 za memori, nafasi ya giga 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi. Kuna wauzaji wanaoiingiza kwa nguvu, tena bila leseni. Mzazi anarudi nyumbani na furaha, kisha virusi vinaingia kupitia kle ya USB iliyozunguka darasani, na kazi za mtoto zinapotea.

Chromebook, inayotumia mfumo wa Google, ni nyepesi na haisumbui. Shule nyingi za Marekani huitumia. Lakini imetengenezwa kwa nyumba yenye intaneti kila saa. Inaweza kufanya kazi kidogo bila mtandao, ila mtoto wa Kadutu hawezi kungoja baba anunue mega ndipo amalize zoezi lake. Mac ni mashine nzuri, lakini bei yake inawazidi wengi.

Kwa kompyuta ya zamani, Linux ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Linux Mint na Ubuntu ni za bure, zipo kwa Kifaransa, na Mint inaridhika hata na mashine ya giga 4. Fundi anaweza kuijaribisha kutoka kwenye kle ya USB bila kufuta chochote. LibreOffice huandika barua, hufanya hesabu na kufungua faili za Word. Kiwix humpa mwanafunzi Wikipedia ya Kifaransa bila intaneti, ikishapakuliwa mara moja tu. Wadogo wana GCompris, yenye michezo ya kusoma na kuhesabu.

Wapo wanaosema kwamba kazini watu hutumia Windows, na kwamba fundi wa mtaa haijui Linux. Ni kweli, na faili ya Word ikifunguliwa kwenye LibreOffice mpangilio wake unaweza kuhama kidogo. Lakini mtoto aliyezoea kuandika, kupanga faili na kutafuta habari hatashindwa kubadilisha mfumo akiwa mkubwa. Aliyekosa mashine inayowaka ndiye atakayebaki nyuma. Na pale shule inapodai programu ya Windows pekee, mifumo yote miwili inaweza kukaa katika mashine moja.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa dola zake, mzazi aulize shule inataka programu gani. Achague kompyuta ya kubeba, aiache iwake bila waya ili kupima betri, kisha aifungue bila intaneti aone mtoto anaweza kufanya nini. Shule nazo zikubali kazi iliyoandikwa kwa programu yoyote. Mwalimu anasahihisha kazi ya mwanafunzi, si leseni ya mzazi.